Ukuta wa Mabelo Arobaini

Karakanani, Gerezani, Dar, Jumatatu, 23 Septemba 2024

Dada Ghada,

Salamu nimezifupisha kwa sababu nina hasira, na wewe unajua. Simu umenibloku. Kwenye lango la ukumbi umemweka Nurdin, mtu niliyemfundisha mimi kushika nyundo, eti ananiambia, "Fundi, nimeambiwa usivuke hapa." Basi naandika kwenye karatasi na Mama Mwanne wa chai ataiingiza. Hakuna mlinzi Dar hii wa kumzuia mwenye birika.

Ijumaa nilipiga kelele mbele ya kundi zima la maigizo, ni kweli. Ungekuwa wewe ungepiga pia. Nimeliona bango la mchezo wako pale Mnazi Mmoja, limesimama kama mgombea: "Ubunifu wa jukwaa: Mhandisi Taimur." Taimur! Binamu yako huyo aliyekuja ukumbini mara moja, akajipiga picha na mabelo, akauliza choo kiko wapi, akaondoka.

Nikukumbushe. Mwaka juzi tulijenga kwa plaiwudi na lile sponji jeupe la kwenye maboksi ya TV. Mchezo ulipoisha, malori mawili yalikwenda dampo Pugu na wewe ukalia barabarani. Ukaweka sheria kwamba kundi halitajenga tena kitu cha kutupwa. Nikakuheshimu. Halafu ukaja na wazo la ukuta wa chupa za plastiki. Nikauliza, zikimaliza kazi zinakwenda wapi? Wazo ukaliacha.

Nani akakwambia kwamba Kariakoo kuna tofali lisilotaka msumari wala rangi, na mchezo ukiisha linarudi dukani kuuzwa kama lilivyokuja? Mimi. Nilisukuma mkokoteni wa mabelo ya mitumba miaka tisa kabla sijashika randa. Belo nalijua kwa mgongo. Tukaenda wote kwa ami yako, Mzee Humoud, akatuazima arobaini, kilo arobaini na tano kila moja. Nane kwa urefu, mistari mitano kwenda juu. Jinzi chini kwa sababu jinzi ni jiwe. Mashati katikati. Blauzi juu. Mpangilio huo hakuuota Taimur.

Nataka jina langu. Sitaki kingine.

Ignasi Athanas
Fundi

*

Mnazi Mmoja, Jumatano, 25 Septemba 2024

Kaka Ignasi,

Shikamoo.

Umenipigia kelele mbele ya watu kumi na mmoja ambao natakiwa kuwaongoza mpaka siku ya ufunguzi, na ukamtaja marehemu baba yangu. Ndiyo maana lango limefungwa. Si kwa sababu nyingine.

Kuhusu bango, ipo sababu, na sitaiandika hapa.

Ukuta umekamilika na unapendeza. Jana mazoezini Sitara alipanda mpaka juu kwa mara ya kwanza kama yule mama wa mchezo, akasimama kona ya kushoto akiwaita wanawe huku maji ya Jangwani yanaingia nyumbani kwake, na hata Mama Mwanne aliacha kumimina chai. Hatutakuhitaji mpaka siku ya kuubomoa.

Ujue pia kwamba nimeboresha makubaliano na Ami Humoud. Hakupenda mzigo wake ukae umelala wiki tatu. Sasa anaendelea kuuza: akichukua belo jukwaani, anarudisha belo. Hatuzuii biashara ya mtu na hatuachi taka. Wageni wa ufunguzi nimewaeleza hivyo na wamefurahi sana.

Nakutakia kazi njema.

Ghada

*

Gerezani, Ijumaa, 27 Septemba 2024

Dada Ghada,

Barua yako imenifikia jana nikaiweka chini ya randa, nikasema sijibu. Leo imebidi.

Kwanza, sababu isiyoandikika naijua. Taimur ni damu yako, anaitwa mhandisi, ana miwani. Mimi natoka Masasi, nilikuja mjini na ndala moja ya kijani na nyingine nyekundu. Bango lenye jina langu halipendezi kwa wageni wenu. Mngeniambia tu. Ningekasirika siku moja, yakaisha. Lakini kumpa Taimur! Mtu ambaye kabati la mama yake nilimfungia bawaba mimi, kwa sababu yeye alizifunga kichwa chini!

La pili. Hayo makubaliano mapya na ami yako yamenishtua. Asubuhi hii mkokoteni umepita mbele ya karakana yangu ukielekea kwenye malori ya kusini. Juu yake mabelo sita ya jinzi, na kila moja lina alama yangu pembeni, ile ya kalamu nene ya buluu. Alama hiyo niliweka kwenye mabelo ya mstari wa chini.

Kwa hiyo chini ya ukuta wako kumewekwa nini? Najua Mzee Humoud ana nini ghalani. Ana masweta. Belo la sweta lina kilo arobaini na tano, na la jinzi lina kilo arobaini na tano, na ukubwa ni huo huo, na mfuko ni mweupe huo huo. Lakini jinzi ukiipandia inakaa. Sweta inapumua. Belo la chini linabeba manne juu yake, kilo mia na themanini, halafu Sitara. Jinzi itazama nusu kidole. Sweta itazama vidole vinne, na haitazama sawasawa. Ukuta utalala upande, na wa kulala nao ni aliye juu.

Ushushe. Mistari mitatu, basi. Au muulize Mhandisi.

Ignasi Athanas

*

Mnazi Mmoja, Jumapili, 29 Septemba 2024

Kaka Ignasi,

Shikamoo.

Nimehesabu mabelo kwa mkono wangu. Ni arobaini. Nimesoma lebo zote ninazoziona. Zote zina kilo zilezile.

Nimesoma na barua yako tena. Taimur, mama yake na kabati lao wamepata nafasi kubwa kuliko ukuta. Sitara umemtaja mwishoni, kama chumvi iliyosahauliwa. Mtu anayehofia shingo ya mwenzake angeanza na shingo.

Tangu mwanzo sheria ya kutotupa ulikuwa unaicheka. "Mazingira hayajazi tumbo, Ghada." Nani alisema? Sasa bango limekuudhi, na ghafla ukuta wangu unaanguka. Ufunguzi ni Jumamosi. Nikishusha mistari miwili, mchezo mzima unashuka: yule mama anapanda ukuta wa nyumba yake kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Kwenye mistari mitatu anaonekana amepanda kigoda.

Naomba usiandike tena kuhusu jambo hili.

Ghada

*

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumanne, 1 Oktoba 2024

Bwana Ignasi,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na binti yangu Khairunnisa, miwani nimeikalia.

Wewe umebeba mzigo wangu miaka mingi na hukuniibia hata soksi, kwa hiyo nakujibu. Belo ni belo. Wateja wa Masasi na Newala wamekuja, korosho inakaribia mnadani, vijana wa huko wanataka jinzi. Ndugu zako hao! Nimewapa. Masweta yamenibakia tangu baridi ya Njombe iishe, nikayapeleka kwa Ghada yakapumzike na kutazama mchezo. Idadi haikupungua. Mangapi? Sikuweka akilini, vijana wa mkokoteni ndio walioyapanga.

Unaniuliza kama naweza kurudisha jinzi. Kontena jipya liko bandarini linasubiri kutolewa. Likitoka, njoo. Kabla ya hapo hata wewe ukitaka suruali moja ya kuvaa, sina.

Na ushauri: Ghada ni mkaidi kama marehemu kaka yangu. Ukimsukuma mbele anarudi nyuma. Jaribu mlango mwingine.

Humoud

*

Ukumbini, Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Fundi Ignasi,

Shikamoo fundi. Ni mimi Sitara. Mama Mwanne ndiye kaniambia unaandika barua, nikasema kumbe na mimi naweza.

Naomba unijibu kitu kimoja bila kumwambia dairekta. Ulipojenga ukuta uliniambia, "Mwanangu, panda, hata ukicheza rusha roho hapo juu hautikisiki." Nikapanda na kweli haukutikisika. Sasa hivi nikifika kona ya kushoto unanibonyea, kama godoro la gesti. Nikihamisha mguu unarudi. Jana nilimeza mstari mzima wa maneno yangu kwa sababu nilikuwa nausikilizia mguu.

Nimemwambia dairekta, akasema ni woga wa kukaribia siku. Inawezekana. Lakini woga wangu mimi huwa unakaa tumboni, haujawahi kukaa kwenye unyayo.

Nikampigia Mhandisi Taimur, si ndiye kwenye bango? Nikamuuliza, nipande nisipande? Akaniuliza, "Kwani ni mistari mingapi?" Nikasema mitano. Akasema atanipigia. Hajapiga.

Nipande?

Sitara

*

Mnazi Mmoja, Ijumaa, 4 Oktoba 2024, asubuhi

Kaka Ignasi,

Shikamoo. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Taimur ameondoa saini yake. Anasema alisaini mchoro wa mistari mitatu na hakuna aliyemwambia tumeongeza. Ni kweli sikumwambia. Nilidhani saini ni saini.

Sasa nikueleze ile sababu. Ukumbi huu haufungui pazia mpaka mtu mwenye cheti asaini kwamba jukwaa ni salama, na jina lake ndilo linalokwenda kwenye bango. Nilipeleka jina lako mwezi wa nane. Meneja, Bi Theopista, akauliza cheti. Nikasema ana miaka thelathini ya kazi. Akasema miaka haina muhuri. Nilirudi mara mbili kumbembeleza, mara ya pili akaniambia nisimpotezee muda na mafundi wa Gerezani. Sikutaka uyasikie hayo kwangu. Niliona bora unichukie mimi kuliko ujue ulipimwa ukakataliwa.

Leo hana njia nyingine na mimi sina. Tiketi zimeisha. Amekubali saini yako, kwa barua maalumu. Mchapaji ananisubiri: jina lako litakuwa juu, peke yake, kwa herufi kubwa, na litabaki hivyo kila tutakapokwenda na mchezo huu. Umelidai kwa haki na ninakupa.

Njoo kesho saa sita mchana usaini. Muda wa kufumua ukuta na kupanga upya haupo, taa zimeshafungwa kwa urefu huo na waigizaji wamezoea. Saini tu. Nimemwambia Nurdin akufungulie.

Ghada

*

Gerezani, Ijumaa, 4 Oktoba 2024, jioni

Ghada,

Marahaba.

Nimeisoma mpaka mwisho, halafu nikafunga karakana nikatembea mpaka Mnazi Mmoja, nikasimama mbele ya lile bango. Nilitaka kuona lingekaaje. Ignasi Athanas. Lingekaa vizuri. Lina herufi za kutosha.

Sisaini.

Wiki mbili nzima nimepiga kelele kwa ajili ya kitu hicho, na leo umeniletea mkononi, na mkono haushiki. Ukuta niliojenga mimi ningeusaini nimefumba macho. Huo ulioko humo ndani siujui. Umetoka vipande, umeingia vipande, mimi niko nje ya lango. Unataka niseme ni wangu siku ambayo huenda ukamvunja mtu.

Kuhusu Bi Theopista na mafundi wa Gerezani, ungeniambia. Nimeshakataliwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa langoni na watu wangu wawili. Tukianza saa hiyo, saa tano mistari miwili ya juu iko chini. Sitaki saini, sitaki jina. Na nimemwandikia Bi Theopista maneno haya haya, karatasi yake iko mezani kwake sasa hivi. Nakwambia mwenyewe usije ukasema nilipita nyuma yako. Sitara naye nimemjibu. Nimemwambia asipande.

Ignasi

*

Mnazi Mmoja, Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kaka Ignasi,

Ulikuwepo mpaka saa tano, kwa hiyo unajua Bi Theopista alivyoingia na barua yako mkononi na alivyonisemesha mbele ya kundi langu. Kilichofuata hukukiona.

Tulifungua kwa mistari mitatu, kama mchoro aliousaini Taimur. Taa zilimulika hewa juu ya kichwa cha Sitara. Walioketi nyuma walimwona kuanzia kifuani. Aliposema "sina pengine pa kupanda," kuna mtu alicheka. Mmoja tu, lakini ukumbi mzima ulimsikia. Wageni walipiga makofi ya adabu. Mmoja aliniambia wazo la mitumba ni zuri, akaulizia alikopaki dereva wake.

Leo nimefumua ukuta wote na Nurdin mpaka sakafuni. Nilitaka nione kwa macho. Uliandika mabelo sita. Mstari wa chini una masweta mawili. Mawili, fundi. Sita mengine ni jinzi zako na alama yako ya buluu iko palepale.

Ndiyo, yalikuwa kona ya kushoto, yote mawili, bega kwa bega. Usikimbilie kufurahi. Labda ungeanguka. Labda ungesimama wiki zote mbili na Sitara angeshuka kila siku mzima, na watu wangeondoka wakiwa na kitu kifuani. Sitajua kamwe, na wewe hutajua. Ulininyima mchezo wangu kwa hesabu isiyo sahihi.

Tumebakiza maonyesho sita.

Ghada

*

Gerezani, Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Ghada,

Mawili. Nimekaa na hiyo namba tangu jana.

Nimekumbuka. Siku ile ya kujenga niliweka alama ya buluu kwenye jinzi kumi na mbili, nane za ukutani na nne za akiba, zilizobaki ghalani kwa Mzee Humoud. Nilipoona sita kwenye mkokoteni sikukumbuka za akiba. Nilikuwa na hasira na hesabu ikaja kama hasira inavyotaka. Mimi ninayewacheka watu wakikosea futi kamba. Hapo umenipata, na ulichoandika kuhusu Sitara kuja mwisho wa barua, hapo pia umenipata.

Lakini kushusha sijutii. Sitara alisema unambonyea kabla mimi sijajua ni mawili au kumi.

Sasa sikiliza, nina shauri. Kosa halikuwa mistari mitano. Kosa ni kwamba ukuta huu unauzwa. Kila Mzee Humoud anapomuona mteja, ukuta unabadilika. Taimur alisaini mara moja, wewe ulitaka nisaini mara moja, na hakuna saini ya mara moja inayofaa kwa kitu ambacho kesho ni kingine. Ukizuia asiuze, anaondoa mabelo yote, na wewe unarudi kwenye plaiwudi na Pugu. Kwa hiyo aendelee kuuza. Sisi tukague.

Masharti yangu. Meza yangu ya kazi ina mbao nne za mninga, ndefu kuliko ukuta wako. Naziazima, zinarudi. Mbili zinalala sakafuni chini ya mstari wa kwanza, mbili kati ya wa kwanza na wa pili, ili kizito kigawane. Chochote laini kinakwenda juu, hata kiwe cha nani. Kila siku ya onyesho naingia saa nane mchana, nabonyeza kila belo, napanda mwenyewe nikiwa na gunia la mchele kilo ishirini na tano begani. Kwenye ngazi ya kupandia jukwaani weka ubao mdogo mweusi. Nikiridhika nitaandika jina langu hapo. Siku ambayo halipo, hapandi mtu, hata aje waziri.

Kwenye bango weka unachotaka.

Ignasi

*

Mnazi Mmoja, Jumatano, 9 Oktoba 2024

Kaka Ignasi,

Shikamoo.

Masharti nimeyapeleka kwa Bi Theopista. Amesoma, ametikisa kichwa, ameuliza kama unaweza kuja kumwangalizia na kabati la ofisi yake linaloyumba. Nimechukulia hiyo ni ndiyo.

Jina la Taimur nimelifuta kwenye mabango yote, kwa gundi na karatasi nyeupe. Pamebaki pengo. Sitakuuliza ulijaze.

Simu nimekufungulia, ila ukiwa na jambo gumu niandikie. Kwenye simu unafoka, kwenye karatasi angalau unafika kwenye hoja ukurasa wa pili.

Bado nina hasira. Lete mbao.

Ghada

*

Ukumbini, Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Ghada,

Uko kwenye mazoezi ya sauti na sitaki kukukatiza, nakuachia hii kwa Nurdin.

Ami yako ameuza jinzi tatu asubuhi, ameleta mabelo mawili ya mapazia na moja la viatu. Viatu vimekwenda chini, ni vigumu kuliko hata jinzi, mwambie alete vingine. Mapazia yako juu kabisa, upande wa kulia, Sitara asikanyage huko. Kona ya kushoto nimeiruka mara tatu na gunia begani, Nurdin shahidi, haikusema neno. Mistari ni mitano. Taa zako zirudishe zilipokuwa.

Nimeandika ubaoni, kwa chaki, jina langu na tarehe ya leo tu. Kesho asubuhi mtu alifute.

Mwambie Sitara apande.

Ignasi Athanas